Hatua ya Nne

Daktari alisema, "Hatua ya nne,"
nami, mjinga wako, nikahesabu ngazi:
moja, mbili, tatu, nne.
Nikadhani ni mahali mtu anakaa akapumzika,
kisha anainuka, anaendelea kupanda.

Wewe ulicheka, Mghoi.
Mbele ya ile picha inayong'aa ukutani,
pafu lako la kushoto limezibwa
kama Vuria asubuhi ya Juni,
ulicheka, ukauliza choo kiko upande gani.
Ulikaa huko dakika ishirini.
Nami kibarazani, na mkoba wako mwekundu kwapani,
nimeukumbatia kwa mikono miwili
kana kwamba ndio mgonjwa niliyekabidhiwa.

Miezi sita walikutibu kifua kikuu.
Miezi sita mkojo wa rangi ya Fanta,
ukinitania kwamba wewe unajitengenezea soda
na Nairobi nzima inanunua.
Ulimeza vidonge saa moja kamili, siku hata moja hukukosa,
na lile dude limejikunyata nyuma ya moyo
likinenepa kwa utiifu wako.
Sijui nimkasirikie nani.
Nimejaribu Mungu,
lakini unazungumza naye kila usiku
kwa sauti isiyofika mwisho wa sentensi.
Naona haya kuwakatiza.

Dukani chini Mama Sagal aliniuliza,
akinipimia sukari bila kuinua macho:
"Kwani dada yako alikuwa anavuta?"

Alivuta.
Alivuta moshi wa makaa, chumba kimoja Kaloleni,
dirisha limezibwa kwa gunia,
akitupikia wanne tangu wiki ile tuliyomzika mama.
Alivuta mkokoteni wa maji.
Alivuta vumbi la mitumba, miaka kumi na tisa juu ya cherehani,
akifupisha suruali za watu warefu waliokufa ng'ambo.
Mimi alinivuta sikio hadi kidato cha nne.
Na subira, Mama Sagal,
subira aliivuta mpaka ikamkatikia mkononi.

Hayo sikuyasema.
Nilisema, "Hapana, hakuvuta,"
nikachukua na mkate.

Simu yangu haina usingizi siku hizi.
Shangazi ana majani ya mstafeli.
Binamu ana mchungaji wa Kayole.
Mtu nisiyemjua ana maziwa ya ngamia, chupa mia nane.
Nina daftari la kurasa tisini na sita:
dawa, saa, homa, deni,
na ukurasa mmoja niliouandika kisha nikauchana.
Nimejifunza kupanga mito mitatu ulale umeketi.
Nimejifunza kukusugua mgongo pale unapopaonyesha,
si pale ninapofikiri panauma.

Jumanne nilisema utapona.
Ulinitazama kama fundi anayetazama pindo bovu.
"Usiniambie nitapona.
Niambie kama umenunua tokeni za stima."
Sikuwa nimenunua.
Tuliketi gizani, Umoja yote inawaka nje,
na tukagombana kweli kweli, kama zamani,
juu ya nani alivunja redio ya baba mwaka ule.
(Ni wewe.)
Ukakohoa, ukashinda.

Leo tunatoka kliniki.
Nyumba ni ghorofa ya tatu, lifti ni hadithi.
Nimebeba kigoda cha plastiki cha jirani
nikuwekee kila tunapofika kona,
lakini umekikataa, watu wasione.
Unapanda. Moja. Unashika ukuta.
Mbili.
Tatu, na pumzi inapiga filimbi.
Halafu unakaa sakafuni, pale pale ngazini,
na kusema, "Hii ni ya ngapi?"

Unajua ni ya ngapi.
Nakaa ngazi ya chini yako.
Unachukua mfuko wa maharagwe magotini mwangu,
unaanza kuyachambua: zima, zima, bovu, jiwe.
Jiwe unanitupia shingoni.
Watoto wa ghorofa ya pili wanashuka mbio,
wanasimama. "Shikamoo. Tunaomba njia."
"Marahaba," unasema, neno zima, bila kukatika,
na tunasogeza magoti.